NANI ANAPIMA UZURI WETU?



Mambo ya mafuta ya kueupisha ngozi inazungumzwa sana hapa masomoni, lakini kila mara kwa namna moja tu: kulaumu wasichana. "Muangalie ule, uso ni Fanta, miguu ni Coca!" Watu wanacheka, kisha basi. Mimi naona kicheko hiki hakisaidie mutu. Tuulize kwanza: nani alimufundisha yule musichana kwamba ngozi aliyopewa na Mungu haitoshi?

Mwili wa mutu hauumbwi tumboni mwa mama tu. Desturi ya watu wanaomuzunguka nayo inauumba. Tuangalie kwetu Congo. Kule Haut-Uele, Wamangbetu walifunga kichwa cha mutoto muchanga kwa kamba, wakati mifupa ingali laini, mpaka kikarefuka kwenda nyuma. Ilikuwa alama ya ukoo wa wakubwa, kisha majirani wakaiga. Desturi hiyo iliisha karibu miaka ya 1950. Kwa makabila mengine walichonga meno; wanawake wa Waluba walichanjwa chale. Kila mutu aliona desturi yake njo uzuri wenyewe.

Lakini mufano unaonifundisha zaidi ni wa China. Kwa muda wa karibu miaka elfu moja, mama alichukua binti yake wa miaka mitano ao sita, akakunja vidole vine vya muguu chini ya wayo, akafunga kwa kitambaa kwa nguvu. Muguu uliosifiwa ulikuwa wa sentimeta 10 hivi. Mutoto alilia, na maisha yote alitembea kwa shida. Je, mama yule alikuwa mubaya? Apana. Yeye mwenyewe alipita katika maumivu yale. Lakini alijua kwamba binti mwenye miguu mikubwa atakosa bwana. Familia moja peke yake haikuweza kuacha, maana ingeharibu ndoa ya mutoto wao.

Basi ilikwisha namna gani? Karibu mwaka 1875, katika muji wa Xiamen, mumisionere Muprotestanti jina lake John MacGowan alikusanya Wakristo katika chama cha kupinga desturi ile. Nyuma yake Wachina wenyewe wakaanzisha vyama vingine vikubwa. Wazazi waliahidi mambo mawili: hatutafunga miguu ya binti zetu, tena vijana wetu hawataoa kwa kutafuta muguu uliofungwa. Ahadi hii ya pili njo yenye nguvu! Serikali ilikataza mwaka 1912, lakini ahadi za watu zilitangulia sheria.

Turudi sasa kwetu. Tunajua hatari ya mafuta haya. Hidrokinoni inazuia ngozi kutengeneza melanini, rangi ile inayotukinga na jua. Ulaya waliikataza katika mafuta ya kupakaa ngozi tangu 2001. Kortizoni inapunguza unene wa ngozi: kidonda kinakawia kupona, na munganga akipasua mutu, kushona inakuwa kazi ngumu. Zebaki inaweza kuharibu mafigo. Wasichana wengi wamesikia haya yote, na wanaendelea. Juu ya nini? Juu wanaona nani anasifiwa.

Ninyi wavulana, mukitaka kusifu musichana munasema nini? "Mweupe kama muzungu." Na mukitaka kumutukana? "Mweusi kama makala." Kisha munashangaa akienda sokoni kununua chupa! Hata siye wote, siku ya sikukuu, tuangalie wanaochaguliwa kupokea wageni na kubeba maua: ni wa rangi gani? Tunahubiri mambo moja kwa kinywa, na ingine kwa macho.

Wengine watasema: mwili ni wangu, nafanya nipendavyo. Sikatai. Kusuka nywele si zambi, kuvaa vizuri si zambi. Lakini nywele zikikatwa zinakua tena. Ngozi iliyoharibika mara nyingi hairudi kama mbele. Na wengine watasema: wakubwa wakataze tu. Tukumbuke wakati wa Zaïre: serikali iliamuru wababa wavae abacost, ikakataza koti na karavati. Mwaka 1990 amri ilipolegezwa, karavati zikarudi mara moja. Amri inabadilisha nguo, haibadilishe jicho.

Kwa hiyo napendekeza kila darasa lifanye ahadi yake, sawasawa na wazazi wale wa China. Wasichana: hatutaharibu ngozi yetu. Wavulana: hatutasifu wala kuzarau mutu juu ya rangi yake, wala hatutachagua muchumba kwa rangi. Walimu nao watusaidie siku ya kuchagua wa kupokea wageni. Pasipo ahadi ya wavulana, ahadi ya wasichana ni bure.

Nabii Samweli mwenyewe alikaribia kupaka mafuta mutu asiyestahili, kwa kutazama urefu na sura ya Eliabu, mpaka Mungu akamurudisha kwenye mambo ya moyo. Kama nabii alihitaji kufundishwa kutazama, sisi zaidi. Tuanze katika darasa letu.

Mwanafunzi wa Biokimia