Mti wa barabarani nao uulizwe jinsia

Mkulima akigundua mpapai wake ni dume, anaufyeka, maana hautazaa. Wapangaji wa miji wamezoea kufanya kinyume. Mwaka 1949 Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika kitabu chake cha mwaka kuhusu miti, ilishauri kwamba aina fulani zikipandwa barabarani yachaguliwe madume tu, ili mbegu zisilete kero. Lami ikabaki safi. Chavua ikaenda puani mwa watu.

Islamabad wanalijua hilo vizuri kuliko wengi. Mji mkuu huo wa Pakistani ulipojengwa miaka ya 1960, ulitakiwa uwe wa kijani haraka, na mforsadi wa karatasi kutoka Asia ya Mashariki ulikuwa tayari kuota popote. Kila Machi maua ya madume, yaliyoning'inia kama mikia, hufyatua chavua hewani. Vipimo vimewahi kupita chembe 40,000 katika mita moja ya ujazo. Wenye pumu hukimbizwa hospitali, wenye uwezo hulihama jiji mpaka msimu upite. Mamlaka imekata miti kwa maelfu, lakini mforsadi ukikatwa huchipua tena mizizini.

Kwa hiyo shoka limechelewa. Kazi ilikuwa ya kitaluni. Las Vegas na wilaya yake ya Clark walianzia huko mwaka 1991, walipopiga marufuku kupanda miforsadi isiyozaa, yaani madume.

Hata hivyo, madume yasibebeshwe lawama yote. Mwaloni una maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja, na bado unawatoa watu kamasi. Swali kubwa zaidi ni nani anayebeba chavua. Ya upepo ni nyepesi na humwagwa bila hesabu; ya nyuki ni nzito, inanata. Jakaranda za Nairobi na mikrismasi ya Dar es Salaam zinajipamba kwa ajili ya wadudu. Mivinje ya pwani na misaiprasi ya uani hutegemea upepo. Nyasi pia, zisipofyekwa kabla ya kuchanua.

Mforsadi wa karatasi umeshafika Uganda, na katika msitu wa Mabira umesambaa hovyo. Kenya nayo inataka kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kwenye lengo la namna hiyo idadi ndiyo inayopigiwa makofi. Miche inayokwenda shuleni, hospitalini na kandokando ya barabara ingefaa iandikwe, mbali na bei yake, inachavushwa na nini.