Muuza kuni ndiye anayefaa kukuuzia jiko

Mwambie muuza kuni aweke majiko ya kisasa ya kuni kando ya mzigo wake, uone atakavyokuangalia. Jiko linalokula kuni chache! Si hiyo ni kujiharibia soko mwenyewe? Mteja aliyekuwa akinunua kuni za mia kwa siku ataanza kununua za sitini, na hizo arobaini zitatoka wapi? Ni swali la haki, na wengi wanaofundisha biashara hulipita haraka. Mimi naona jibu lipo, ila si jepesi, na nusu yake iko kwenye kuni zenyewe kabla hatujafika kwenye simu.

Tuanze na wateja. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya hupika kwa kuni. Wengi wao huokota au hukata shambani kwao, hawanunui. Anayenunua ni mwingine: mama wa chapati, mama karanga anayekaanga samaki jioni, hoteli ya githeri, shule, na familia yenye matanga au harusi inayotaka pick-up nzima kufikia Ijumaa. Kwa watu hawa kuni ni gharama ya biashara kama unga na mafuta. Wanahesabu. Na siku hesabu ikikataa, hawakwambii. Unaona tu mtungi wa gesi umetokea pale kibandani, na wewe umempoteza mteja wa kila siku.

Kwa hivyo swali la kweli si kama mteja atapunguza kuni. Atapunguza, kwa njia moja au nyingine. Swali ni kama atapunguza akiwa bado anakuja kwako.

Majiko yenyewe si mageni. Jiko la Maendeleo, lile la udongo linalojengewa jikoni kwa matope, limesambazwa tangu miaka ya 1980, na akina mama katika vikundi vya magharibi mwa Kenya wamelifinyanga na kuliuza kwa miaka mingi. Siku hizi kuna pia jiko la roketi, la bati au la matofali, ambalo tumbo lake limepinda kama kiwiko. Kuni zinaingia kwa mdomo mdogo, hewa inapita chini yake, moto unapanda kwenye bomba fupi lenye kuta zinazohifadhi joto, na sufuria inapata joto ambalo kwa mawe matatu lingepotelea pembeni likiunguza magoti ya mpishi.

Hapo kwenye mdomo mdogo ndipo mambo huharibika. Mtu ananunua jiko zuri kwenye maonyesho au dukani, analileta nyumbani, halafu anagundua kwamba gogo lake la kawaida haliingii. Inabidi apasue. Nani ana shoka, na nani ana muda saa kumi na moja asubuhi maandazi yakingoja? Wiki ya kwanza anapasua. Wiki ya pili anasukuma gogo nusu ndani nusu nje, moshi unajaa, sufuria inachelewa. Wiki ya tatu jiko limekuwa kiti cha kuku na mawe matatu yamerudi kazini. Kisha utasikia watu wakisema ati akina mama hawapendi mambo mapya. Wapi! Hawakuuziwa kuni za kuingia kwenye hilo jiko.

Duka la majiko haliwezi kutatua shida hiyo, kwa sababu haliuzi kuni. Wewe unaweza. Kifurushi cha kuni kavu zilizopasuliwa, unene wa vidole viwili au vitatu, urefu wa kuenea mdomoni, kikiwekwa kando ya jiko lenyewe, ni bidhaa ambayo hakuna mwingine sokoni aliye tayari kuitengeneza kila siku. Kenya tumeona mfano wake upande wa makaa. Mapema miaka ya 1980 wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand lilichukuliwa likawa lile jiko letu lenye kiuno chembamba na udongo ndani. Lilienea kwa sababu mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na kwingineko waliona faida ndani yake, na kwa sababu kila mahali lilipouzwa makaa ya kulitosha yalikuwepo tayari. Kwa jiko la kuni, hiyo sehemu ya pili bado inakosekana mitaa mingi.

Na kuni lazima ziwe kavu. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji. Ukiutia motoni, sehemu kubwa ya joto inakwenda kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti badala ya yale ya sufuria, na kinachobaki ni moshi na machozi. Zikipasuliwa, zikapangwa juu ya mawe au mbao zisiguse ardhi, zikafunikwa juu na kuachwa wazi pembeni upepo upite, miezi miwili mitatu ya kiangazi hufanya kazi kubwa. Mkaratusi na mgrevilea wa bara, mvinje wa Pwani, zote zinakubali utaratibu huu. Ukizigonganisha zikalia kama mbao, ziko tayari. Zikitoa sauti ya bubu, ngoja.

Wauzaji wengi wananiambia hawawezi kungoja. Pesa imelala, wanasema. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo penye donda.

Kwanza hesabu ya jiko. Namba hizi ni za mfano tu, weka za mtaa wako. Tuseme jiko unaliuza 2,500 na mteja wako wa chapati hununua kuni za shilingi 100 kwa siku. Kwa jiko hilo na kuni kavu anashuka hadi 60. Anakupa 500 mwanzo, 2,000 iliyobaki anailipa polepole, 40 kwa siku, kwa siku 50. Angalia: 60 za kuni na 40 za jiko ni 100. Ukiacha ile 500 ya mwanzo, mfukoni mwake hakuna kilichobadilika kwa siku hizo 50. Siku ya 51 anaanza kubaki na shilingi 40 kila siku. Hilo ni jambo unaloweza kumweleza mtu akiwa amesimama na unga mikononi, na akaelewa.

Sasa upande wako, na hapa watu hawasemi ukweli wote. Tuseme kwa kila kuni za 100 ulikuwa ukipata faida ya 30. Akinunua za 60 unapata 18. Umepoteza 12 kwa siku. Kama jiko ulilinunua 1,900, faida yako ni 600, na 600 ukigawanya kwa 12 ni siku 50. Yaani siku ileile anayomaliza kulipa jiko, faida uliyopata kwa jiko imeisha, na kuanzia hapo unapoteza. Ukiuzia majiko wateja walewale, kuni zilezile, faida ileile, biashara yako inapungua. Yule muuza kuni aliyekuangalia vibaya pale mwanzo hakuwa mjinga.

Kinachogeuza hesabu ni kuni za kavu. Ukinunua mzigo kwa lori wakati wa kiangazi, bei ikiwa chini, ukapasua na kukausha mwenyewe, kile kifurushi cha 60 kinaweza kukupa faida ya 25, hata baada ya kumlipa kijana wa shoka. Sasa umepoteza 5 tu kwa kila mteja wa zamani. Mteja mmoja mpya anayekuja kwa sababu kuni zako hazina moshi anafidia watano. Na mvua za masika zikianza Machi, kila mtu mtaani akiuza kuni zinazotoa povu, wewe ndiye mwenye kavu.

Lakini kukausha kunataka pesa ivumilie, na ndipo tunarudi kwenye donda. Mikopo mingi ya simu ni ya siku chache. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulikuwa wa kulipwa ndani ya siku 14. Mikopo mingine ni ya mwezi. Overdrafti ya simu hukata ada kila siku inapokaa bila kulipwa. Yote hiyo inafaa kwa nyanya, ambayo asubuhi inanunuliwa na jioni imeisha. Haifai kwa kuni zinazohitaji miezi mitatu. Ukichukua mkopo wa siku 14 kununua lori la kuni, siku ya 13 utaziuza mbichi kwa bei yoyote, na hapo umelipa riba ili uuze bidhaa mbaya. Ninaandika haya nikijua kwamba blogu hii ni ya watu wa pesa za simu. Afadhali mteja aukose mkopo huo kuliko auchukue kwa kazi isiyo yake.

Pesa ya lori la Januari inafaa itoke kwa akiba iliyofungwa kwenye simu tangu Septemba au Oktoba, hata kama ni hamsini kwa siku, au kwa chama au sacco inayokubali ulipe baada ya kuuza. Najua Januari ni mwezi wa karo. Ndiyo maana nasema iliyofungwa. Isiyofungwa itakuwa sare za shule kabla ya lori kufika.

Kuhusu malipo yenyewe, kosa linaloua biashara ya jiko la polepole ni kupokea zile 40 kwa laini ileile unayopokelea pesa za shemeji na michango ya harusi. Baada ya wiki mbili hujui nani amelipa ngapi, na mama wa chapati anakumbuka vizuri kuliko wewe. Chukua till au laini ya biashara peke yake. Kila malipo yanakuja na jina, tarehe na namba ya muamala. Andika hiyo namba kwenye daftari mbele ya jina lake, mpe na yeye kikaratasi chake. Kama 40 kwa siku ni usumbufu, afadhali 280 kila Jumamosi, lakini kwa anayepata pesa kila siku, ya kila siku hailemei. Angalia kwanza ada za till yako kwa malipo madogo, kwa sababu hizo pia ni sehemu ya hesabu. Na usimpe mtu jiko bila ile 500 ya mwanzo, hata kama ni jirani. Jirani hasa.

Kwa mzigo mkubwa, wa shule au wa matanga, usiangalie ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe kabla pick-up haijaondoka. Ujumbe wa uongo hutengenezwa kwa dakika moja. Wako pia wanaolipa kweli, kisha wakishafika na kuni wanaomba muamala urudishwe, ati walituma kimakosa. Risiti iliyotiwa sahihi, yenye namba ya muamala na idadi ya kuni, ndiyo itakayokusaidia ukiitwa na huduma kwa wateja kueleza upande wako.

Faida nyingine ya till ni taarifa ya miezi sita ambayo unaweza kuitoa na kumpelekea afisa wa sacco. Muuza kuni asiye na karatasi yoyote huonekana mtu wa kubahatisha. Mwenye orodha ya malipo 900 madogo ni mfanyabiashara, hata kama kibanda chake ni cha mabati mawili.

Mambo ya vibali nayapita haraka ila usiyapuuze. Nunua miti ya shamba la mtu kwa maandishi, na kabla lori halijaondoka ulizia ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu kuhusu kibali cha kusafirisha. Kaunti nayo ina ushuru wake. Lori likizuiwa njiani bila karatasi, faida ya msimu mzima inalala hapo barabarani.

Usimwahidi mtu miujiza pia. Jiko la kuni linapunguza moshi, haliumalizi, na bado linataka dirisha wazi. Usiseme litapunguza kuni kwa nusu kama hujapima. Pika maharagwe kilo moja kwa mawe matatu, kesho yake kilo moja kwa jiko, kuni zote ukizipima kwa mizani kabla na baada, na umwambie mteja namba uliyoipata wewe.

Anza na majiko mawili. Moja la kuuza, na moja hapo kibandani la kuchemshia chai, kwa kuni zako mwenyewe, saa ambayo akina mama wanapita kuchukua mzigo. Udongo wa ndani ukipasuka, na siku moja utapasuka, jua mapema fundi wa kuubadilisha yuko wapi na anatoza ngapi, kwa sababu jiko bovu litarudishwa kwako, haliendi kwa aliyelitengeneza.