"Park" si hifadhi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ufundishaji wa maneno ya Kiingereza katika shule za msingi. Desturi iliyoenea ni kuandika ubaoni neno la Kiingereza, kisha mbele yake neno moja la Kiswahili, na watoto kukariri.

Chukua neno "park". Kwetu Kilosa si geni, maana Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni jirani yetu, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani yake. Basi mtoto hukariri kuwa "park" ni hifadhi. Siku akikuta neno hilo kwenye sentensi ya baba na gari lake, anaandika: "Baba alihifadhi gari." Anakosa alama, na hakuna anayemweleza kwa nini. Akisikia habari za Hyde Park ya London anauliza kama kuna tembo!

Mimi naona mtoto huyo hakupotea mbali. Zamani huko Uingereza neno hilo lilikuwa na maana ya eneo lililozungushiwa uzio, ambamo wafalme na makabaila walifuga kulungu wa kuwinda. Hyde Park yenyewe Mfalme Henry VIII aliitwaa mwaka 1536 kwa ajili ya mawindo. Baadaye ikawa bustani ya watu wote. Wanajeshi nao wakaliita hivyo eneo la kuweka mizinga na mikokoteni, na kwa njia hiyo neno likafika kwenye magari. Shina ni moja: mahali palipotengwa. Nasi tunafanya vivyo hivyo, kwani twaegesha chombo gatini na twaegesha basi stendi.

Jambo hili si dogo. Mtoto wa kijijini aliyesoma kwa Kiswahili akiingia Kidato cha Kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Huko "table" ya hisabati siyo meza, wala "power" ya fizikia siyo madaraka.

Nawaomba wanaohusika na vitabu waachane na orodha za neno kwa neno, kila neno lioneshwe katika sentensi tatu au nne. Pia kamusi zipelekwe madarasani. Kamusi moja iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtoto.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.