Kona ya Vijana: Kwanza Jifunze Kuanguka



Juzi kijana wa darasa langu aliniambia: "Mwalimu, judo naacha. Kadogo kameniangusha, wote wakacheka." Nikamwambia, kaa kwanza.

Judo ilianzishwa na mwalimu wa Japani, Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mfupi, na shuleni wenye nguvu walimwonea. Akaenda kwa walimu wa jujutsu, mmoja baada ya mwingine. Ya kila mmoja aliyapima: yaliyofaa akachukua, ya kuumiza watu akapunguza. Mwaka 1882 alifungua shule yake ndani ya hekalu mjini Tokyo, na wanafunzi wachache tu. Hiyo ndiyo njia yake mwenyewe.

Somo la kwanza la judo ni kuanguka bila kuumia. Na ukimwangusha mwenzako mazoezini, unamshikilia mkono asiumie. Kiongozi naye ni hivyo: nguvu zake zinamlinda aliye chini.

Popole Misenga wa Bukavu alitenganishwa na familia na vita akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa. Mwaka 2016 alishiriki Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi. Pambano la kwanza alishinda, la pili akashindwa. Hata hivyo tunamkumbuka.

Kijana wangu amerudi mazoezini. Wazazi, mtoto akishindwa msimcheke. Muulizeni: leo umejifunza nini?

Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea