Nani kakwambia hili ni gari la kuchezea?

Hivi kwa nini mtu mzima akikaa Jumamosi nzima kuangalia wachezaji 22 wakikimbiza mpira huko Uingereza anaitwa shabiki, lakini akitumia saa hizo hizo kupiga msasa boneti ya Land Cruiser yenye upana wa kiganja anaitwa mtoto? Nawauliza wasomi wenzangu, wenye digrii na vitambulisho vya kazi shingoni, maana ndio wanaoongoza kwa kucheka.

Nazungumzia magari madogo ya porini yanayoendeshwa kwa rimoti, hasa ya kipimo cha moja kwa kumi. Yana chesisi, ekseli mbili, giaboksi, propela, shokapu, betri, na bodi iliyofanana na gari la kweli hadi kitasa cha mlango. Hayakimbii. Kazi yake ni kupanda mawe na kuvuka matope taratibu, kama gari la hospitali linavyokwenda kijijini wakati wa masika. Msimamo wangu ni huu: aliyeunda moja kwa mikono yake amejifunza gari, na anayemcheka mara nyingi hajui hata kwa nini gari lake mwenyewe lilinasa kwenye tope.

Chukua difu. Shuleni tulichorewa ubaoni, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Sasa weka gari lako dogo juu ya jiwe, gurudumu moja lining'inie hewani. Utaona hilo la hewani linazunguka kama feni, na lile lililoshika jiwe limetulia tuli. Difu ya kawaida inaruhusu gurudumu lenye kazi nyepesi kuzunguka peke yake, na lenzake halipati nguvu ya kusukuma. Ndiyo maana waundaji wanafunga difu, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Basi gari linapanda. Ukilipeleka kwenye sakafu, linagoma kukata kona, tairi zinaburuzwa. Ndani ya dakika kumi umeelewa kwa nini difu ilibuniwa na kwa nini gari la porini linahitaji kuifunga. Ubao ulichukua muhula mzima.

Au chukua uzito. Ukigawa urefu, upana na kimo kwa kumi, ujazo unagawanyika kwa elfu moja. Kwa hesabu hiyo gari la kilo 2,200 linakuwa la kilo 2.2. Lakini nguvu ya uvutano wa dunia haijagawanywa na mtu! Matokeo yake gari dogo linapinduka ghafla na kudunda kama mpira, na kwenye video unajua papo hapo kwamba ni dogo. Dawa yake ni kushusha uzito: risasi zile za kubalansi magurudumu unazibandika ndani ya rimu, na juu unaacha bodi nyepesi. Aliyefanya hivyo hahitaji semina ya usalama barabarani kuelewa hatari ya basi lililopakia mizigo mingi juu ya paa.

Sasa twende kwenye unakshi, ambako watu wanadhani ni mapambo tu. Land Cruiser ya familia ya 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Zile za kazi ngumu zilikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 mbele zikawekwa springi za koili, nyuma mabamba yakabaki. Kwa hiyo ukiunda hardtop yenye sura ya mwaka 2007 halafu mbele ukaweka mabamba, umetunga gari ambalo halipo. Kwa kazi yangu ya uandishi, hiyo ni sawa na kuandika habari bila kufika eneo la tukio.

Na rangi vivyo hivyo. Kuna watu wanapaka kahawia gari zima na kuita kutu. Jamani, nendeni nje mkaangalie! Vumbi linajaa mlango wa nyuma, kwa sababu gari likitembea hewa inazunguka na kulirudisha huko. Kutu inaanzia kwenye maungio na pale maji yanapotuama. Rangi inalika kuzunguka kitasa, kwenye kizingiti cha mlango, na pale kiwiko cha dereva kinapokaa dirishani. Huwezi kuyapaka hayo kama hujawahi kusimama na kulitazama gari kwa makini.

Nina ugomvi pia na kundi la pili, wanaonunua lililokwisha kuundwa, wanalibandika galoni la plastiki, wanapiga picha na kujiita waundaji. Mwaka 2017 kampuni ya Traxxas ilitoa TRX-4 yenye bodi ya Land Rover Defender, gia mbili na difu zinazofungwa kwa rimoti. Ni mashine nzuri, sibishi. Lakini shika rula. Kati ya ekseli na ekseli ina milimita 324. Defender 110 ya kweli ina 2,794, ukigawa kwa kumi unapata 279. Aliyeitoa kwenye boksi hana sababu ya kugundua hilo. Linganisha na Tamiya ya Japani, ambayo mwaka 1981 iliuza Toyota Hilux yenye giaboksi ya gia tatu na springi za mabamba, vyote vikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Hukuweza kuliendesha kabla ya kulielewa.

Kuna hoja moja ya wakosoaji naiheshimu: pesa. Ni kweli, TRX-4 mpya ni mamia ya dola. Rimoti, betri na mota ya stelingi itabidi ununue. Lakini chesisi inakatwa kwenye bati, bodi kwenye plastiki ya ndoo iliyopasuka, na soli ya kandambili inatoa tairi inayoshika jiwe vizuri kabisa. Waulize watoto wa mtaani kwako. Wamekuwa wakiunda magari ya waya na makopo miaka yote, yenye stelingi inayokata kona, bila dola hata moja.

Na hao watoto tunawafanyaje? Tunawaambia waache uchafu huo wakasome. Wakifika chuo kikuu tunawapa mchoro wa difu ubaoni, halafu kwenye makongamano tunalalamika kwamba nchi haina wahandisi wa vitendo. Tuliwapokonya vitendo wakiwa na miaka minane!

Nchi hii iliwahi kuunda lori lake, Nyumbu, pale Kibaha miaka ya 1980. Sijaona boksi la Nyumbu kwenye duka lolote. Atakayetaka moja la kipimo cha moja kwa kumi itabidi aombe ruhusa, abebe futi kamba, apime boriti kwa boriti, akaulize wazee waliochomelea. Akimaliza atakuwa na lori dogo mezani na vipimo vya Nyumbu kwenye daftari lake. Ninyi mnaocheka, nani kati yenu ana daftari la namna hiyo?