Boston walimlipia Chris Sale aondoke, kisha wakatoa mara kumi kutafuta mwingine kama yeye

Hebu jiulize, mdau: unaweza kumlipia mtu aende zake, alafu mwaka ukiisha unatoa doo mara kumi ya hiyo kupata mwingine wa aina yake? Hivyo ndivyo Boston Red Sox walijipata wamefanya.

Kama umezoea EPL, besiboli ya Marekani iko tofauti kidogo. Klabu hazilipani ada za uhamisho vile Arsenal na Chelsea hufanya. Zinabadilishana wachezaji: nipe wako, chukua wangu, na mkataba unamfuata mchezaji. Anayegombaniwa zaidi ni mrushaji. Akiwa fiti, mechi iko mkononi mwake. Mkono ukiharibika, unabaki na bili.

Boston walimtoa Chris Sale kwa Chicago White Sox Desemba 2016, wakaacha vijana wanne. 2018 yeye ndiye alirusha mpira wa mwisho uliowapa ubingwa. Machi 2019 wakamwekea dola milioni 145 kwa miaka 5.

Hapo ndipo noma ilianza. 2020 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. 2022 mpira ukamvunja kidole, na kabla apone vizuri akaanguka na baiskeli, mkono ukavunjika. Kati ya 2020 na 2023 alianza mechi 31 za ligi tu. Mrushaji mzima hufikisha karibu hizo kwa msimu mmoja.

Desemba 2023, bosi mpya Craig Breslow akachoka kungoja. Sale akapelekwa Atlanta Braves, Boston wakapata kijana Vaughn Grissom. Na juu ya hapo, Boston wakatoa dola milioni 17 kusaidia kulipa mshahara wa Sale. Wakati huo huo wakamchukua Lucas Giolito, mrushaji aliyejulikana kwa kutokosa mechi.

Kwa karatasi ilikuwa poa. Sasa angalia uwanjani. Giolito aliumia kiwiko kabla msimu uanze, 2024 yote hakurusha hata mpira mmoja wa ligi. Grissom alicheza mechi 31. Sale naye, akiwa na miaka 35, alishinda mechi 18, akapoteza 3, akawamaliza wapigaji 225 kwa straiki tatu na kubeba tuzo ya Cy Young. Boston? Ushindi 81, vichapo 81, nje ya mchujo.

Ni rahisi kusema Breslow hajui kazi, lakini tusimwonee. Hofu yake ilikuwa ya kweli: mwaka huo huo mgongo ulimsumbua Sale akakosa mchujo wa Braves. Kosa liko kwa zile milioni 17. Ukilipa zaidi ya nusu ya mshahara wa mtu anayechezea wengine, hatari imebaki kwako na faida imehamia kwa jirani. Sale angevunjika tena, Braves wangepoteza kidogo sana. Alipowaka, walikula kila kitu.

Desemba 2024 Boston wakarudi duka lile lile, White Sox, wakaacha tena vijana wanne. Safari hii ni Garrett Crochet, mrushaji wa mkono wa kushoto kama Sale, naye pia alishapitia upasuaji wa kiwiko. Miezi michache baadaye wakamwekea dola milioni 170 kwa miaka 6.

Mpaka sasa amelipa. 2025 alishinda mechi 18, akawamaliza wapigaji 255, akiongoza ligi nzima, na akawazima Yankees kwenye mechi ya kwanza ya mchujo, ingawa Yankees walipindua meza na kupita.

Lakini usikimbilie kusherehekea, buda. Huo mkataba mpya hesabu yake inaanza 2026. Na ule wa Sale pia uliwekwa sahihi watu wakishangilia.