Kipimo Hakijui Ulikula Nini

Dai linalouzika kuliko mengine siku hizi ni la karatasi ya rangi. Unatoa damu mara moja, unalipa, na baada ya siku chache unapewa orodha ya vyakula mia mbili: vya kijani kula, vya njano punguza, vyekundu acha kabisa. Mzazi anarudi nyumbani na kuondoa maziwa, mayai, ngano, mahindi, nyanya na maharage kwa mpigo. Mtoto anakonda, na ukurutu uliompeleka hospitali uko palepale kwenye mikunjo ya viwiko.

Vipimo vingi vya namna hii hupima kingamwili aina ya IgG, ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya chakula kwa sababu tu umekila. Anayekula ugali kila siku atakutwa nazo dhidi ya mahindi. Karatasi inakusomea menyu yako mwenyewe, tena kwa bei kubwa. Jumuiya ya wataalamu wa mzio ya Ulaya, EAACI, ilitamka mwaka 2008 kwamba kingamwili hizo hazionyeshi mzio wa chakula na kipimo hicho kisitumike kuutafuta. Wenzao wa Marekani na Kanada wamesema vivyo hivyo. Biashara haijasikia.

Anayejua zaidi kidogo hujibu: basi nipimwe IgE, hiyo ndiyo ya mzio wenyewe. Hapo yuko nusu sahihi. IgE iligunduliwa katikati ya miaka ya 1960 na makundi mawili, la Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver na la Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Uswidi, na WHO ikaipa jina lake mwaka 1968. Hukaa juu ya seli zilizojaa histamini kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kitu inachokitambua kikifika, histamini inamwagika ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mabaka, chafya na kubanwa kifua vinapoanzia.

Ila IgE ina kazi nyingine, kupambana na minyoo. Mtoto wa Kanda ya Ziwa mwenye kichocho, au wa Pwani mwenye safura, anaweza kuwa na IgE ya jumla iliyo juu sana bila kuwa na mzio wa kitu chochote. Hata IgE inayopimwa kwa chakula kimoja kimoja huweza kupotosha. Utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta watoto wengi wana IgE dhidi ya karanga kwenye damu, lakini karanga wanazila bila shida. Kichocho kilikuwa na mchango mkubwa, kwa kuwa minyoo yake na karanga hubeba sukari zinazofanana juu ya protini zao. Maabara isiyojua habari za kichocho ingewaandikia mzio wa karanga, wote.

Kwa hiyo kazi huanza na maswali, na maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa.

“Mama, alikula nini?”

“Wali na mchuzi wa kamba, daktari.”

“Midomo ilianza kuvimba baada ya muda gani?”

“Hata sahani hajaimaliza.”

“Kamba alishawahi kula kabla? Na wengine waliokula naye walipata chochote?”

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Jodari au vibua waliokaa kwenye joto tangu alfajiri hujaa histamini inayotengenezwa na bakteria ndani ya nyama yao, na kuwapika hakuiondoi. Anayewala uso unamwaka moto, kichwa kinamgonga, mabaka yanamtoka, tumbo linamsokota. Kwa macho huwezi kuzitofautisha dalili hizo na za mzio. Lakini wakiugua watatu kati ya wanne waliokula sinia moja, mtazame samaki kwanza. Akiambiwa ana mzio wa samaki, mtu huyo ataacha samaki maisha yake yote, wakati kosa lilikuwa la barafu.

Kamba ni habari nyingine. Protini yao inayosababisha mzio, tropomayosini, haiharibiwi na moto wa jikoni, kwa hiyo ule ushauri wa “mpike sana hatakudhuru” ni hatari. Tena inafanana na ya mende na ya utitiri wa vumbi, na ndiyo maana kipimo cha kamba huweza kuwa chanya kwa mtu ambaye shida yake yote iko kwenye godoro analolalia.

Baada ya maelezo ndipo ngozi inapopimwa. Matone ya vimiminika yanapangwa sehemu ya ndani ya mkono chini ya kiwiko, na kila tone linachomwa kijuujuu kwa kijisindano. Tone moja ni la histamini tupu, moja ni la maji ya chumvi. Baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe unapimwa kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, ni chanya. Aliyemeza Piriton au setirizini juzi anaweza asivimbe hata pale palipowekwa histamini, hivyo dawa hizo huachwa kwa karibu wiki nzima kabla ya kipimo. Na chanya peke yake bado si ugonjwa, kama chakula chenyewe mtu anakila kila Ijumaa na kulala salama.

“Mzio ni dalili ya kinga dhaifu, ongeza kinga.” Dai hili limeuza mlonge, habasoda, tangawizi na vidonge vya kila rangi. Sina ugomvi na tangawizi. Ugomvi ni na picha ya kinga kama tangi la maji linalopungua na kujazwa. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna aliyelitunga neno “aleji” mwaka 1906, alikuwa anaelezea mwili uliobadilika namna ya kuitikia kitu baada ya kukutana nacho. Kinga ya mwenye mzio haijachoka. Inapiga risasi mahali pasipo na adui.

Kwenye lupasi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kinga inashambulia viungo vya mwenyewe: maungio, ngozi, figo. Mgonjwa anahitaji kinga itulizwe. Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Waliokunywa klorokwini miaka ile wanakumbuka ilivyowawasha usiku kucha bila upele wowote; wengi waliandikiwa “aleji” na haikuwa aleji. Anayetumia haidroksiklorokwini kwa miaka hupimwa macho, kwa kuwa dozi kubwa ya muda mrefu huharibu retina, na dozi yenyewe haitakiwi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwenye lupasi nako kipimo hudanganya. Kile cha ANA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya viini vya seli za mwenyewe, kikisomwa kwenye kiwango cha chini cha 1:40, huja chanya kwa karibu theluthi moja ya watu wenye afya njema. Bila maungio yanayouma, vidonda vya mdomoni, upele unaochochewa na jua au protini kwenye mkojo, ANA chanya haitoshi kumwita mtu mgonjwa.

Kinga dhaifu kweli ipo, nayo ina sura yake. Mtoto aliyepata nimonia mara mbili ndani ya mwaka, au masikio yaliyotoa usaha mara nne, au utando mweupe mdomoni usiokoma, na kipimo cha VVU ni hasi: huyo achunguzwe. Picha ya damu ya kawaida, ile inayopatikana hospitali ya wilaya, huonyesha idadi ya limfosaiti, na idadi ndogo sana kwa mtoto mchanga ni kengele. Daktari Ogden Bruton alimwelezea mvulana mwenye kinga dhaifu kweli mwaka 1952, asiye na gamaglobulini kabisa, akamtibu kwa kumdunga hizohizo kingamwili zilizokuwa zikikosekana. Hadi leo tiba ya upungufu huo ni hiyo. Mlonge haumo.

Sasa pampu. Nasikia kila mahali kwamba pampu ya pumu inazoesha, kwamba ukishaianza umekwisha, kwamba heri vidonge. Tuanze na hesabu. Kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 kina dawa sawa na mivuto 40 ya pampu, maana mvuto mmoja ni mikrogramu 100. Anayeogopa pampu anameza mivuto arobaini kwa mkupuo, dawa inazunguka mwili mzima, moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka, ili sehemu ndogo tu ifike kwenye mapafu.

Hata hivyo hofu hiyo imegusa jambo la kweli bila kujua. Pampu ya bluu, hiyo ya salbutamoli, hufungua njia za hewa kwa saa chache na haigusi uvimbe uliozifunga. Anayeitegemea peke yake yuko hatarini, na kadiri anavyomaliza pampu nyingi kwa mwaka ndivyo hatari ya kufa kwa pumu inavyopanda. Ndiyo maana mwaka 2019 GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, uliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana, hata kwa pumu ndogo. Kinachotibu uvimbe ni pampu ya steroidi, beklometasoni au budesonidi, kwa dozi za mikrogramu, kila siku, hata siku ambayo kifua ni chepesi. Wagonjwa wengi hufanya kinyume chake: ya bluu wanaimaliza, ya steroidi inakaa kabatini mpaka tarehe inapita.

Na mtoto asiyeweza kuvuta sawasawa? Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni hewa isivuje, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Sijui sababu ya chupa hiyo kutokuwepo kwenye kila zahanati.

“Akivimba mpe Piriton, au mdunge haidrokotisoni.” Kwa mabaka ya ngozi tu, dawa ya mzio yatosha. Kwa mtu ambaye sauti imeanza kukwaruza, kifua kinabana, anatapika au anazimia, haitoshi. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi na koo linaweza kuziba ndani ya dakika. Dawa ni adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, isizidi nusu miligramu, kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, na irudiwe baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Alazwe miguu ikiwa juu. Akishindwa kupumua akae, ila asisimamishwe. Adrenalini imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mara nyingi imo pia kwenye kabati la zahanati, na inachelewa kwa sababu mhudumu anaiogopa.

Kuna na hili la kumnyima mtoto karanga mpaka akue. Liliwahi kuwa ushauri rasmi Uingereza na Marekani kabla halijapimwa. Mtafiti Gideon Lack na wenzake walishangaa kuona watoto wa Kiyahudi wa London wana mzio wa karanga mara kumi zaidi ya wenzao wa Israeli, ambako watoto wachanga hulishwa vitafunio vya karanga mapema. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 walio hatarini, nusu wakala karanga na nusu wakanyimwa. Matokeo ya mwaka 2015: kufikia miaka mitano, mzio ulikuwa umewapata asilimia 17.2 ya walionyimwa na asilimia 3.2 ya waliokula. Mtoto mwenye ukurutu mkali amwone daktari kwanza. Wengine waanze karanga iliyosagwa laini kwenye uji, kamwe si punje nzima, maana itawapalia. Huku kwetu hofu kubwa kwenye karanga ingefaa iwe sumukuvu, si mzio.

Limebaki la penisilini, ambalo watu hulibeba tangu utotoni: “Mama aliniambia nina aleji nayo.” Watu wenye lebo hiyo wakipimwa vizuri, zaidi ya tisa kati ya kumi hukutwa hawana. Upele wa utotoni mara nyingi ulikuwa wa kirusi kilichompeleka mtoto hospitali, na hata mzio wa kweli hufifia kwa wengi baada ya miaka kumi. Lebo hiyo ina gharama. Mjamzito mwenye kaswende hana dawa nyingine inayoaminika kumkinga mtoto aliye tumboni, na mtoto ambaye moyo wake umeharibiwa kufuatia maambukizi ya koo anahitaji sindano yake kila wiki tatu au nne. Kabla ya kuwanyima, waulizwe: ilikuwa lini, ulitokwa na nini, dakika ngapi baada ya dozi, na je, umewahi kumeza amoksilini tangu hapo ukawa salama? Aliyejibu ndiyo kwenye hilo la mwisho, mjadala wake umekwisha. Ambaye ngozi ilimchubuka kwa malengelenge, na mdomo na macho yakavimba, iwe kwa penisilini, kwa Septrin au kwa nevirapini, huyo hajaribiwi tena dawa hiyo, na jina la dawa liandikwe kwenye kila kadi anayokwenda nayo hospitali.